Siku Moja Bukhara, Mji wa Imamu

Tangu tulipokuwa wadogo chuoni tukilisikia jina la Bukhari katika kila darsa, wala haikutupitikia kwamba ndani ya jina hilo mna mji, wenye soko, vichochoro na watoto wachezao mpira. Mwenyezi Mungu akatujaalia kufika huko, sisi na mama watoto wetu, katika msafara wa ziara nchini Uzbekistan. Usiku tulilala Samarkand. Asubuhi gari la moshi likatufikisha Bukhara kabla jua halijawa kali.

Imamu Muhammad bin Ismail alizaliwa hapo mwaka 194 Hijria (810). Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama. Ni mama huyo aliyempeleka Hija pamoja na nduguye alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, kisha akarejea nyumbani na kumwacha Makka asome. Wanaosimulia habari za Imamu hutaja safari zake na wingi wa masheikh wake, na mama humpitia mbio. Sisi pia tulikuwa hivyo. Uzeeni Imamu alirudi Bukhara. Liwali akamtaka aende kuwasomesha wanawe kasrini, akakataa, kwani elimu ndiyo ifuatwayo. Akatolewa mjini, akafia karibu na Samarkand mwaka 256 (870). Kwa hiyo mwenye kuingia Bukhara akitafuta kaburi lake hatalipata.

Alipatacho kwanza ni mnara wa Kalyan. Umejengwa kwa matofali ya kuchoma mwaka 1127, na urefu wake wapita mita 45. Jeshi la Genghis Khan liliuteketeza mji mwaka 1220, mnara ukabaki. Chini yake upo msikiti mkubwa, na mkabala wake madrasa ya Mir-i-Arab yenye makuba ya samawati. Mgeni haruhusiwi kuingia ndani kwa kuwa wanafunzi wanasoma, nasi tulilifurahia katazo hilo kuliko tungalivyofurahia ruhusa. Tulichungulia tu kwenye wavu wa mlango.

Mwaka 1920 Jeshi Jekundu liliupiga mji kwa mizinga. Baada ya hapo madrasa zilifungwa, na msikiti ule mkubwa ukageuzwa ghala. Mir-i-Arab ilifunguliwa tena katika miaka ya 1940, na kwa miaka kadhaa ikawa ndiyo pekee iliyoruhusiwa kufundisha katika nchi yote ya Kisovieti. Hati nayo ilibadilishwa: herufi za Kiarabu ziliondolewa zikaja za Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha za Kirusi mwaka 1940. Mtoto akawa hawezi kuisoma barua ya babu yake. Nasi wa pwani, ambao sandukuni mna barua za wazee kwa hati ya Kiarabu zisizo na msomaji nyumbani, hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Adhuhuri tulisimama mbele ya madrasa ya Ulugh Beg, ya mwaka 1417. Mlangoni paliandikwa maneno kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, mwanamume na mwanamke. Wanavyuoni wa Hadithi wamesema neno "mwanamke" ni nyongeza katika lafudhi, ijapokuwa maana ni sahihi. Na katika mji wa Imamu Bukhari si adabu kulinyamazia jambo kama hilo. Mama watoto alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sheikh, maana ikiwa sahihi, twende tukale."

Madrasa nyingine sasa ni maduka ya mazulia, na mmojawapo ua wake huchezwa ngoma jioni kwa ajili ya watalii. Tulipita upesi.

Alasiri ilitukuta Lab-i Hauz, birika kubwa la karne ya 17 chini ya miforosadi mikongwe. Tuliletewa chai ya kijani na mkate wa duara uliopigwa muhuri katikati. Bibi mmoja, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, akaweka mkono kifuani, akatoa salamu, akaketi karibu na mama watoto. Mjukuu wake akawa mkalimani. Bibi alisema kwamba utotoni hakukuwa na chuo. Nyanyake ndiye aliyemsomesha sura, usiku, pazia limeshushwa, bila ya msahafu, kwa kusikia na kukariri. Waalimu wanawake wa namna hiyo Wauzbeki huwaita otin-oyi. Walifundisha majumbani mwao miaka yote hiyo, mpaka nchi ilipopata uhuru wake mwaka 1991.

Mama watoto akamwomba asome. Bibi akaanza Tabaraka, na baada ya aya mbili mama watoto akajiunga naye. Sisi tulisogea pembeni tukajifanya kutazama bata majini. Sauti mbili zikaenda pamoja, moja ya Bukhara na moja ya Mombasa, wala hapakuwa na neno jingine wanaloelewana. Katikati ya sura mama watoto, aliyesomea chuo cha mtaani mchana kweupe, mlango wazi, akasita.

Bibi akampa mwanzo wa aya, wakaendelea.