ISO Ikomee Wapi?

Giza la Dar es Salaam halisubiri mtu. Jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ndipo unapochangamka: taa za LED zimening'inia juu ya marundo ya nguo, nyuso za wauzaji ziko nusu kivulini. Hata mchana, chini ya mapaa ya zege ya soko alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, kivuli ni kizito. Anayeogopa kupandisha ISO sehemu kama hizi atarudi na picha za watu waliotikisika.

ISO haiongezi mwanga. Mwanga huamuliwa na upenyo wa lenzi na muda ambao shata iko wazi. ISO hukuza kilichokwisha kupokelewa, kama mchuuzi anapopandisha spika: sauti inapanda na mkwaruzo nao. Mkwaruzo huo kwenye picha ndio chenga. Kutoka 1600 kwenda 3200 unafanya kazi kwa nusu ya mwanga. Kihisi cha milimita 36 kwa 24 kina eneo zaidi ya mara mbili ya kile cha 23.5 kwa 15.6, na hupokea mwanga zaidi, kwa hiyo kikomo cha ISO cha rafiki yako hakikuhusu.

Tafuta chako. Tundika khanga ya rangi iliyokolea, nusu kwenye mwanga, nusu kivulini, kamera ikiwa kwenye stendi. Upenyo usiuguse. Tuseme ISO 400 imehitaji nusu sekunde: 800 iwe robo, 1600 sehemu ya nane, hadi 12800 kwa 1/60. Kisha soma maandishi ya khanga upande wa kivuli, maana chenga huanzia gizani. Ukipima kwa ukuta mweupe unajidanganya. Namba zilizoandikwa H1 au H2 mimi siziangalii kabisa. Kwa kawaida huko kamera inazidisha hesabu tu.

Sasa rudia kwa uso wa mtu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kamera inaona balbu kali, inapunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi nyeusi inazama. Ukija kuunyanyua uso huo kwenye kompyuta, picha ya ISO 1600 mara nyingi huwa na chenga mbaya kuliko ya 6400 iliyopata mwanga wake sawasawa. Na usiikuze kwenye kioo hadi uone punje moja moja. Itazame kwa ukubwa itakaotumika: chenga zinazoharibu bango hazionekani kwenye chapa ya inchi 4 kwa 6.

Kuna jambo moja la umeme wetu. Ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya kasi zaidi ya 1/100 inaweza kuchora michirizi kwenye picha. Kwa hiyo usiku Kariakoo mimi hufunga shata kwenye 1/100, nafungua lenzi hadi mwisho, kisha naiacha ISO ipande hadi pale maandishi ya khanga yalipoanza kukatika.