Taipureta ya Idodi na neno lisilofutika



Wiki chache zilizopita nilikuwa nyumbani Idodi, mkoani Iringa. Wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wanaifahamu njia ile: vumbi, magari ya watalii, na majaruba ya mpunga pembeni. Nilipita ofisi ya kanisa kuomba barua ya utambulisho ya binti yangu anayehamia Mbeya. Luku ilikuwa imeisha na kompyuta imelala.

Mzee wa kanisa anayesaidia kazi za ofisi, karani mstaafu, hakuhangaika. Alifungua kabati akatoa sanduku, na ndani yake taipureta ya zamani. "Hii haiulizi luku, mwanangu," akasema huku akipangusa vumbi.

Alipachika karatasi mbili, katikati akaweka karatasi ya kaboni ili nakala ibaki ofisini. Kisha akaanza. Kila herufi iliinua kijiti chake cha chuma, kikagonga utepe wa wino, na alama ikabaki. Mstari ulipokaribia mwisho, kengele ililia. Akasukuma mkono wa mashine na kuanza mstari mpya. Tarakimu ya 1 haikuwepo, kama ilivyo katika mashine nyingi za zamani, hivyo alipiga herufi ndogo ya "l" badala yake. Alinikumbusha kwamba enzi zao kijana aliyetaka ukatibu mahsusi alikwenda Chuo cha Uhazili Tabora, akajifunza hatimkato na kupiga chapa bila kutazama vidole.

Barua ilipokwisha niliomba kujaribu. Mzee akaniuliza, "Utamwandikia nani?" Nikanyamaza. Alijua, kwa kuwa kijijini hakuna siri.

Mimi na mdogo wangu anayeishi Mbeya tulikuwa hatujasemeshana kwa miezi tisa. Ugomvi ulihusu jaruba aliloacha marehemu baba. Usiku mmoja, nikiwa na hasira, nilimwandikia ujumbe katika kundi la WhatsApp la familia. Sikutumia hata dakika moja. Nilimwita mwizi mbele ya shangazi, mama wadogo na watoto wake mwenyewe. Asubuhi niliufuta. Simu ikaonyesha kwamba ujumbe umefutwa, lakini wote walikuwa wameshausoma. Ulifutika kwenye kioo, haukufutika moyoni mwa mdogo wangu.

Nikakaa mbele ya taipureta. Nilipiga kwa kidole kimoja, taratibu, maana ukipiga herufi mbili kwa pamoja vijiti vinanasana. Nikasalimia na kuuliza hali ya watoto. Kisha mkono ukaanza kuandika, "Lakini na wewe ulinichokoza." Nilipofika neno "wewe", nikasimama. Nikatafuta mahali pa kufutia, hapakuwepo.

"Hapo hufuti, mwanangu," mzee akasema. "Hapo unafikiri kwanza."

Nikarudi nyuma, nikapiga x juu ya kila herufi, kisha nikaandika neno ambalo sikuwahi kumwambia: nisamehe. Barua ya nusu ukurasa ilinichukua zaidi ya saa moja. Nilitaka kuirudia kwenye karatasi safi ili zile x zisionekane. Mzee akakataa. "Iache. Aone kwamba ulitaka kukosea tena ukajizuia."

Mpendwa msomaji, nimekuwa nikisoma Yeremia sura ya 36. Nabii alisema, Baruku akaandika kwa wino katika gombo. Gombo liliposomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, alilikata kwa kisu kipande kwa kipande na kulitupa motoni. Alidhani ameyamaliza maneno. Lakini Yeremia alichukua gombo jingine akampa Baruku, naye akaandika yote upya, na mengine yakaongezwa. Mfalme alifuta karatasi, ukweli ukabaki pale pale.

Nami nilifanya kama mfalme yule. Nilifuta ujumbe ili nisiombe msamaha. Wangapi kati yetu tunaimba kwaya Jumapili huku nyuma yetu kuna maneno tuliyofuta kwenye simu, lakini hatujayatubu mbele ya tuliyemjeruhi? Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Leo kidole ndicho ulimi wetu, na kinajikwaa kwa kasi kubwa.

Yuko mmoja tu awezaye kufuta kweli. Paulo anawaambia Wakolosai, sura ya 2 mstari wa 14, kwamba ile hati ya mashtaka iliyotukabili, Mungu aliifuta na kuigongomea msalabani. Tazama tofauti yake na sisi. Mungu hakuficha deni letu ili lisionekane; alililipa hadharani. Aliyesamehewa kwa namna hiyo haogopi kuonyesha x zake.

Sisemi turudi kwenye taipureta. Binti yangu angenicheka. Nasema tuazime mwendo wake. Yakobo anatufundisha, sura ya 1 mstari wa 19, tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Kabla ya kutuma ujumbe wa hasira, jiulize: kama ningelazimika kuupiga herufi kwa herufi, bila kufuta, na nakala ikabaki ofisi ya kanisa, ningeutuma?

Barua niliituma kwa basi. Siku ya nne simu ikalia. Mdogo wangu hakusalimia, aliuliza tu, "Kaka, chini ya hizi x uliandika nini?"

Nikamwambia ukweli. Akacheka, kisha akanyamaza kwa muda. "Hata mimi ningeandika hivyo hivyo," akasema.

Suala la jaruba bado hatujalimaliza. Tumekubaliana kulizungumza ana kwa ana, Idodi, wazee wakiwepo. Lakini sasa tunasalimiana, na hilo kwangu ni jibu la maombi.

Yupo ndugu uliyemfutia ujumbe bila kumwomba msamaha? Leo, ukitoka ibadani, mwandikie. Andika polepole.

Nakutakia Jumapili njema.