Mwana wa Rwenzori Aliyekatikiwa Masomo Ng'ambo

Msafiri atokaye Mbarara kwa barabara, akisha kuvuka daraja la Katunguru lililo juu ya mfereji wa Kazinga, hufika mahali paitwapo Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta. Hapo njia hugawanyika. Ya mbele hufuata miguu ya milima mpaka mji wa Kasese. Ya kushoto huelekea Bwera, na baada ya Bwera ni Mpondwe, ambapo Uganda hukoma na Kongo huanza. Nyuma ya yote hayo imesimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, na mara nyingi hakionekani kwa sababu ya mawingu.

Ndugu msomaji, nchi hii nyembamba iliyobanwa baina ya mlima na mbuga ina kisa kimoja cha masomo ya ng'ambo ambacho yafaa kijulikane na kila mzazi anayemfungia mwanawe sanduku la safari. Kisa chenyewe ni cha mtu mkubwa, kwani mwanafunzi huyo alikuwa mfalme. Walakini yaliyompata ugenini ni yale yale yanayoweza kumpata mtoto wa koplo au wa mkulima wa kahawa.

Tuanze na baba yake. Isaya Mukirania alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkonzo wa milima ya Rwenzori. Mwaka 1954 alifika huko kijana mmoja Mwingereza, mwandishi Tom Stacey, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 24 hivi, akitaka kuwajua watu wa mlimani. Mwalimu Isaya akafuatana naye, akimwongoza na kumtafsiria. Watu wengi hudhani kwamba katika safari za namna hii mgeni ndiye ajifunzaye na mwenyeji hubaki kama alivyokuwa. Haikuwa hivyo. Maswali ya mgeni yalimfanya mwalimu naye aulize: babu zetu walitoka wapi, nani aliyeyaandika mambo yao? Katika miaka ile ile akaanzisha chama cha kukusanya historia ya maisha ya Wakonzo, na chama hicho kikawa mzizi wa mambo mazito yaliyofuata.

Siasa zake tutazipitia kwa haraka. Wakonzo na Waamba walikuwa chini ya ufalme wa Toro, na walilalamika kwamba wanabaguliwa katika shule, kazi na uongozi. Walitaka wilaya yao wenyewe. Walipokataliwa, mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru wa Uganda, Mukirania na wenzake wakatangaza nchi yao ya Rwenzururu. Vita vya milimani vikaanza. Stacey aliitwa arudi mwaka 1963 ili amshawishi rafiki yake akubali suluhu, lakini hakufanikiwa. Mwezi wa Septemba 1966 Mukirania akafariki dunia, na kiti kikamwangukia mwanawe, Charles Wesley Mumbere, mtoto wa miaka 13.

Hebu fikiri, ndugu msomaji: miaka 13 ni umri wa kukaa dawatini. Mtoto huyu alikulia katika ngome za mlimani, akiwa na wazee wa kumshauri na vijana wa kumlinda, na hali hiyo iliendelea kwa muda wa miaka 16. Mwezi wa Agosti 1982 alishuka na watu wake, wakasalimisha silaha kwa serikali ya Rais Milton Obote, na amani ikapatikana. Wilaya waliyoidai ilikwisha kupatikana mapema zaidi, kwani mwaka 1974 Kasese ilitengwa na Toro. Na katika mambo aliyopata baada ya kushuka, lililo kubwa kwetu leo ni moja: mwaka 1984 serikali ilimpeleka Marekani kusoma, naye akaanza masomo ya biashara, akilipiwa posho kutoka nyumbani.

Wasomaji wetu waliowahi kupelekwa kozi katika nchi za nje wanajua maana ya posho. Askari aliye kozini hulala katika bweni la jeshi na hula katika mesi. Hata posho ikichelewa, hawezi kukosa mkate. Mwanafunzi wa kiraia hana bweni la namna hiyo. Ada ya chuo ni yake, kodi ya chumba ni yake, vitabu, nauli, koti la baridi na dawa ya jino linalouma, vyote ni juu yake. Isitoshe, sheria ya Marekani humpa mwanafunzi wa kigeni ruhusa ya kukaa nchini kwa sharti kwamba asome masomo kamili, na kwa kawaida haimruhusu kufanya kazi nje ya chuo. Ndani ya chuo anaweza kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa muhula. Mambo hayo yanashikana kama tanzi. Akikosa ada, haruhusiwi kuingia darasani. Asipoingia darasani, ruhusa yake ya kukaa inakatika. Na kutafuta kazi ili apate ada ni kuvunja sheria.

Tarehe 27 Julai 1985 serikali ya Obote ilipinduliwa na majenerali, nao wakaondolewa mwezi wa Januari 1986 na jeshi la Yoweri Museveni. Kwa mtu wa Kampala hayo yalikuwa mabadiliko ya bendera ikulu. Kwa mwanafunzi aliye Marekani yalikuwa ni posho kukatika. Aliyeahidi hayupo, na aliyekuja hakuahidi kitu.

Mtu aweza kuuliza, je, jamaa za nyumbani hawakuweza kumchangia? Tuitazame hali ya nyumba za Kasese na Bwera katika miaka hiyo. Machimbo ya shaba ya Kilembe, ambayo ndiyo yaliyoifanya reli ifike Kasese mwaka 1956, yalikuwa yamesimama. Mkulima wa miteremko ya Bwera alikuwa na kahawa yake, lakini shilingi aliyolipwa ilikuwa inayeyuka mkononi. Mwezi wa Mei 1987 serikali ilibadili fedha: sifuri mbili zikafutwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo asilimia 30 ikakatwa kuwa kodi. Familia yenye gunia la kahawa sebuleni ingeliuza lote isipate hata nusu ya ada ya muhula mmoja wa Marekani. Mchango wa ukoo unaweza kumfikisha mtoto uwanja wa ndege, lakini kumweka darasani nchi ya dola ni jambo jingine kabisa.

Ndipo alipoomba hifadhi ya kisiasa, akaipata mwaka 1987. Hifadhi hiyo si sadaka ya chakula na malazi, kama wengi wanavyofikiri. Ni haki ya kubaki nchini na kufanya kazi. Masomo ya biashara yakawa yamekwisha. Mfalme akajifunza usaidizi wa muuguzi, akaajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee katika jimbo la Maryland.

Kazi hii tungependa kuieleza kidogo, kwa kuwa Waafrika wengi wa Mashariki walioko Marekani na Uingereza huishi kwayo, na barua zao hazisemi wazi ni kazi gani. Msaidizi wa muuguzi humwosha mzee asiyeweza kuoga, humgeuza kitandani ili asifanye vidonda, humlisha, humvalisha, hubadili shuka zilizochafuka, hupima joto na mapigo ya moyo, na huandika yote hayo katika daftari. Sheria ya nchi, iliyopitishwa mwaka 1987, inataka apate mafunzo ya saa zisizopungua 75 na kufaulu mtihani. Ni mafunzo mafupi, na kwa hiyo mlango wake ni mpana, na mshahara wake ni mdogo. Wapo wanaoicheka kazi hiyo. Sisi hatuoni la kucheka. Akina mama wa nyumbani waliowahi kumwuguza mkwe aliyepooza wanajua kwamba kumgeuza mtu mzima usiku bila kumwumiza ni ufundi, na kwamba unahitaji mgongo wenye nguvu na moyo usio na kinyaa.

Kwa miaka mingi hakuwaambia wafanyakazi wenzake kwamba yeye ni mfalme. Pengine ilikuwa busara. Nani angemwamini mtu anayesukuma kiti cha magurudumu akisema kwamba ana ufalme mlimani? Mwaka 1999 alihamia Harrisburg, mji mkuu wa jimbo la Pennsylvania, ukingoni mwa mto Susquehanna, akaendelea na kazi ile ile, na aliwahi kuifanya katika nyumba zaidi ya moja za wazee. Baridi ya huko ni kali, na theluji hufunika barabara. Hilo angalau halikuwa jambo geni kwa mtu wa Rwenzori, maana Wakonzo ni miongoni mwa watu wachache wa Afrika wenye neno lao wenyewe la theluji, yaani nzururu, na jina la Rwenzururu lenyewe limetoka hapo. Siri yake ilitoka mwezi wa Julai 2009, alipozungumza na gazeti la mji huo, na majirani wakashangaa kusoma habari za jirani yao.

Wakati huo serikali ya Uganda ilikuwa imekubali kuutambua ufalme wa Rwenzururu kama taasisi ya utamaduni. Mwezi wa Oktoba 2009 Mumbere akarejea, na tarehe 19 akatambuliwa rasmi mjini Kasese, mbele ya Rais Museveni na halaiki ya watu. Tangu alipopanda ndege kwenda kusoma ilikuwa imepita miaka 25. Kurejea kwake hakukumaliza taabu. Mwishoni mwa Novemba 2016 palitokea mapambano Kasese na majeshi ya serikali yakaingia katika jumba lake. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwamo askari polisi na walinzi wa mfalme, na nyumba nyingi za pande zote zikaingia msibani. Yeye alikamatwa na kushitakiwa, kisha akapewa dhamana yenye sharti la kutofika kwao. Mashitaka yalifutwa mwezi wa Juni 2023, na mwezi wa Oktoba mwaka huo akarudi Kasese. Hayo yana kurasa zake. Ukurasa huu ni wa nyumbani, nasi turudi kwenye masomo.

Mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusoma nje, hata kama ni muhula mmoja tu wa kubadilishana wanafunzi baina ya vyuo, asiridhike na kuona jina la mtoto katika barua. Barua hiyo isomwe yote, na ikiwezekana isomwe na mtu wa pili. Nani analipa ada, na anailipa moja kwa moja chuoni au kwa mkono wa mwanafunzi? Tiketi ya kurudi imelipwa, au ni ya kwenda tu? Mfadhili akifa, akifukuzwa kazi au serikali yake ikianguka, ni nani atakayeitikia simu? Nakala za vyeti, pasipoti na barua ya ufadhili zibaki nyumbani, mahali pasipofika panya wala mvua. Jamaa waliozoea kuhamishwa kambi kwa taarifa ya siku mbili wanajua jinsi karatasi zinavyopotea. Tena mtoto asisafiri bila kazi ya mkono anayoiweza. Kushona, kupika chakula cha watu wengi, kuhudumia mgonjwa, kuendesha gari: mambo haya hayachukui nafasi katika sanduku.

Na jamaa wa nyumbani wajifunze kuuliza. Mtoto akiandika kwamba yu mzima na masomo yanaendelea, kisha miezi 6 ipite bila kutaja mwalimu, somo wala mtihani, hapo pana jambo. Aibu ndiyo huwafanya vijana wetu wanyamaze, na wakati mwingine sisi wenyewe ndio tunaoileta aibu hiyo kwa kumwombea mtoto fedha badala ya kumwuliza hali yake.

Wala tusidhani kwamba mwanafunzi wa nchi za nje ni yule wa ndege peke yake. Nenda Mpondwe asubuhi. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchi ya Kongo, ambako wanaishi Wanande, ndugu wa damu wa Wakonzo, wenye lugha moja nao. Wapo wazazi wa Kongo wanaowaleta watoto wao Bwera wasome kwa Kiingereza, ama kwa kuwaweka bwenini, ama kwa kuwakabidhi kwa shangazi. Mtoto anaweza kucheza na wenzake kwa lugha ya bibi yake, akanunua karanga sokoni kwa Kiswahili, lakini mwalimu aingiapo darasani akawa mgeni kabisa, kwa sababu hesabu alizifundishwa kwa Kifaransa. Kalenda nazo hazipatani. Kongo huanza mwaka wa shule mwezi wa Septemba na kuumaliza karibu na Julai. Uganda huanza Februari na kuumaliza mwanzoni mwa Desemba, kwa mihula mitatu. Basi mtoto aliyefaulu huko mwezi wa Julai humkuta mwenzake wa Bwera yumo katikati ya mwaka. Shangazi humpeleka kwa mwalimu mkuu, nao huketi na kuamua kama ataingia darasa la nyuma sasa hivi na kuanza kuzoea Kiingereza, au atakaa nyumbani akisaidia kuchuma kahawa mpaka Februari.