Eneokazi Pepe na Idadi ya Watumiaji Wake

Husemwa kwamba siku hizi mashine za mbali hujiongeza na kujipunguza kwa kadiri ya watu wanaozihitaji. Makala haya yanakusudia kueleza utaratibu huo, na kuuliza kama kiambishi -ji- kimetumiwa kwa haki.

Eneokazi pepe ni ule uso wa kompyuta, pamoja na programu na faili zake, usiokaa katika chombo kilicho mbele ya mtumiaji bali katika seva iliyo mbali, ukamfikia kwa njia ya intaneti. Mfano mmoja ni huduma ya kampuni ya Microsoft iliyofunguliwa kwa wateja wote mwaka 2019, na ambayo tangu mwaka 2021 huitwa Azure Virtual Desktop.

Mashine iliyowashwa hulipiwa hata kama hakuna aitumiaye. Kwa sababu hiyo siku hugawanywa katika vipindi 4: kupanda, kilele, kushuka na utulivu. Tuseme kila mashine huchukua watu 20, mashine 2 zimewashwa, na msimamizi ameweka kiwango cha asilimia 60. Nafasi zilizopo ni 40; watumiaji wanapozidi 24, mashine ya 3 huwashwa, na nafasi zikawa 60. Hivyo mgeni hutayarishiwa kiti kabla viti havijakwisha.

Asubuhi yafaa watumiaji watawanywe, pasiwe na mashine inayolemewa. Jioni mambo hugeuzwa: mashine moja hujazwa kwanza, ili nyingine zibaki tupu zipate kuzimwa.

Hapo ndipo penye mushkili. Mashine yenye watu wachache hufungwa isipokee wageni. Waliomo ama hungojewa watoke wenyewe, ama hupewa ilani na muda, kisha hutolewa kwa nguvu. Ambaye hajahifadhi kazi yake huenda akaipoteza. Utaratibu huu huhesabu vichwa, haupimi uzito wa kazi: mwanafunzi anayekamilisha tasnifu na mwenziwe aliyeacha dirisha wazi akaenda zake, kila mmoja ni mmoja tu.

Basi ni dhahiri kwamba mashine haijizimi. Kiwango, saa na hiari ya kuwatoa watu kwa nguvu vyote vimewekwa na msimamizi, na kiambishi -ji- chamficha mtenda huyo. Anayepoteza kazi yake jioni hana budi kujua kwamba yupo mtu wa kuulizwa.