Vifuu vya nazi na mtambo wa "kaboni ya nano"

Juzi kanipigia mkulima mmoja mwenye minazi Mkuranga. Ameambiwa kuna mtambo, unaingiza vifuu, unatoa unga mweusi wa bei mbaya. Yeye na wenzake walikuwa wanataka kuweka mashamba rehani wauchukue. Nikamwambia subiri kwanza, nikueleze huo unga unatengenezwaje.

Thamani yake iko kwenye vitundu. Ni vya nanomita chache tu, na nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Ukiweza kuvipata vingi, gramu moja inabeba eneo la ndani la mita za mraba mamia, hata 1,000. Yaani robo eka ndani ya gramu moja! Ndiyo maana inanasa uchafu kwenye maji na kutunza umeme.

Sasa shida ni kukausha. Umeona mbuga ya udongo mweusi maji yakiisha? Inajikunja, inapasuka. Jeli ya maabara nayo ukiianika, kimiminika kinapotoka kinavuta kuta za vitundu, vinabomoka. Kwa hiyo wanatumia hewa ukaa. Ikibanwa kupita baa 74 na joto likazidi nyuzi 31, si gesi tena wala si kimiminika: inapenya kama gesi, inayeyusha kama kimiminika, na ule mvutano wa kubomoa kuta haupo. Inakiondoa kile kimiminika, presha inashushwa polepole, vitundu vinabaki wima. Kisha jeli inachomwa bila oksijeni. R. W. Pekala wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, alichapisha kazi ya jeli hizo mwaka 1989, na malighafi yake ilikuwa resosinoli na fomaldehidi. Siyo vifuu.

Kifuu hakina jeli ya kulinda. Kinachomwa kuwa mkaa, halafu unapitishiwa mvuke wa nyuzi 800 hadi 1,000 kwa presha ya kawaida, nao ndio unaochimba vitundu. Baa 74 za nini hapo?

Na tusitaniane kuhusu presha hiyo. Tairi la gari dogo ni kama baa 2. Mtu asije akajaribu na pipa la kuchomelea.

Kijana nimemtuma akamuulize muuzaji maswali mawili: kwenye mtambo wako jeli iko wapi, na mnunuzi wa unga ameandika wapi kwamba atanunua? Hati ya shamba bado iko kabatini kwake.