LIKIZO NI HAKI, TUITUMIE: SAFARI YETU YA KISIWA CHA RUSINGA



Kila mwaka, wakati wa likizo unapofika, sisi wa kamati ya tawi tunaona jambo lile lile. Mfanyakazi anapewa fomu, anaijaza, halafu anamwomba karani amlipe fedha badala ya siku zake. Ukimwuliza sababu anakujibu, "Nikae nyumbani nifanye nini?"

Mwenzetu mmoja wa kiwandani aliuza likizo yake miaka 11 mfululizo. Siku aliyostaafu tulimfanyia karamu ndogo ya soda na mikate. Aliposimama kutoa shukrani alisema neno lililotunyamazisha sote. Alisema watoto wake wamekua wakimjua kwa kikohozi chake cha usiku tu, maana alikuwa akitoka hawajaamka na kurudi wamelala. Fedha za likizo zote 11 zilikwenda wapi, hakukumbuka.

Kutoka siku hiyo kamati iliamua kwamba haitoshi kuwaambia wanachama wasiuze likizo. Ni lazima tuwaonyeshe namna ya kuitumia. Tumesafiri mara mbili sasa, wenzetu wa mashamba ya miwa upande wa Busia pamoja na wenzetu wa viwanda vya Tororo, na wake kwa waume na watoto. Tunaandika ili matawi mengine yajue tulivyofanya, na yasirudie makosa yetu.

SHERIA INASEMAJE

Wako wanaodhani likizo ni huruma ya mwajiri. Sivyo. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya kazi. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 inampa siku 7 kwa kila miezi minne aliyofanya kazi mfululizo, ambazo kwa mwaka zinafika 21 vilevile. Mto unaotenganisha nchi zetu haukutenganisha haki hiyo.

Tena, Shirika la Kazi Duniani katika Mkataba wake namba 132 wa 1970 liliweka majuma matatu kuwa ndiyo kiasi cha chini, na likasema kwamba makubaliano ya mfanyakazi kuiacha likizo hiyo ya chini, hata kwa kulipwa fedha, yawe batili au yapigwe marufuku. Wazee wetu wa vyama duniani waliona mbali. Walijua mwenye njaa atauza hata usingizi wake.

KWA NINI KISIWA, NA KISIWA GANI

Mkutano wa kwanza ulikuwa na kelele nyingi. Vijana walitaka Zanzibar au Lamu, kwa kuwa wameona picha. Tulipiga hesabu ubaoni. Kutoka Busia ni basi la usiku kucha hadi Nairobi, kisha gari moshi au basi jingine hadi Mombasa, kisha bado hujafika kisiwani. Siku nne zinaishia njiani, na mshahara nao.

Wenzetu wa Tororo walileta jina la visiwa vya Ssese. Ni pazuri, na watu wanaotoka Kampala wanapapenda. Meli ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, na kufika Lutoboka katika kisiwa cha Bugala baada ya saa tatu na zaidi. Lakini kwa kundi linalokusanyika Busia, kwenda kwanza hadi Entebbe ni mzunguko mkubwa. Visiwa vya Sigulu na Lolwe wilayani Namayingo viko karibu zaidi, ila ni visiwa vya uvuvi, na kupata vitanda vya watu 31 kwa pamoja ni shida.

Mzee mmoja wa shamba la miwa aliyekuwa amekaa nyuma akasema, "Mnatafuta mbali. Si Rusinga iko hapo? Na Tom Mboya amelala hapo." Hapo mjadala ukaisha.

Hata hivyo mzee mwingine alipinga. Alisema starehe ni mambo ya mabwana, na chama kina kesi za kufukuzwa kazi ambazo hazijaisha. Tulimjibu kwamba fedha za chama hazitaguswa hata senti. Kila aliyetaka kwenda angeweka shilingi 500 za Kenya kila mwezi kwa miezi 10, na wa Uganda kiasi hicho hicho kwa shilingi zao. Mweka hazina alikuwa na daftari, na kila mwisho wa mwezi lilisomwa mbele ya wote. Mzee aliendelea kunung'unika, lakini mwezi wa tatu tuliliona jina lake daftarini.

USAFIRI

Tulichagua mwishoni mwa Agosti, wakati mitambo ya sukari imesimama kwa matengenezo na watoto hawako shuleni.

Tangu 2014 mwananchi wa Kenya na wa Uganda anaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Pale Busia kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi 2018 kimeondoa foleni ya pili. Lakini kitambulisho lazima uwe nacho! Safari ya kwanza mwenzetu mmoja alikuwa amekiacha cha kwake kwa askari wa geti la kiwanda, kama tunavyofanya kila siku tunapoingia kazini. Tulimngojea mpaka saa nane mchana arudi Tororo kukichukua. Kuhusu watoto, ulizeni ofisi ya uhamiaji mapema karatasi zinazotakiwa, msingoje kuulizwa ninyi.

Kutoka Busia tulikodi matatu tatu. Tukapita Bumala na Ugunja, tukaiacha barabara ya Kisumu tukashika ya Siaya, kisha Bondo na Ndori, mpaka gati la Luanda K'Otieno. Hapo feri huvuka mdomo wa ghuba hadi Mbita, na humwokoa msafiri asizunguke kwa Kisumu na Homa Bay. Kutoka Mbita hadi Rusinga hakuna haja ya chombo tena, kwa kuwa kuna daraja.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hapa. Kwa kuchelewa mpakani tulifika gatini jua limezama, na feri ya mwisho imekwenda. Watu 31 walilala ndani ya matatu, watoto wakilia kwa mbu. Hatukuwa na wa kumlaumu ila kamati. Safari ya pili tulipiga simu gatini siku moja kabla, tukauliza saa ya feri ya mwisho, tukaondoka Busia alfajiri. Saa sita mchana tulikuwa Mbita tunakula samaki.

MALAZI

Visiwa hivi vina malazi ya namna tatu. Kuna hoteli za wageni wanaokuja kwa ndege ndogo. Bei ya usiku mmoja huko ni mshahara wa mwezi, basi tuliziangalia kwa nje. Kuna gesti za Mbita na za Rusinga, safi na za bei ya mtu wa kawaida. Na kuna watu wanaopangisha vyumba au uwanja wa kupiga hema kando ya ziwa.

Tulichukua gesti, wazee na wenye watoto wachanga vyumbani, vijana kwenye mahema uani. Wajumbe wawili walikwenda mbele juma moja kabla, wakaangalia mambo manne: maji, choo, mlango unaofungika, na chandarua kila kitanda. Chandarua si anasa. Malaria ya kandokando ya ziwa ni kali, na mtu asirudi kazini akiwa mgonjwa kuliko alivyotoka. Bei iandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi, kama mkataba wowote.

CHAKULA

Safari ya kwanza tulikula hotelini siku zote, na siku ya tatu fedha zilikuwa zimekwisha. Safari ya pili tulibeba unga, mafuta, chumvi na sufuria mbili kubwa. Asubuhi watu wawili wanakwenda ufukweni mitumbwi inaporudi, wananunua ngege au mbuta ambaye bado anapiga mkia. Omena, ambao wenzetu wa Uganda wanawaita mukene, walikaangwa kwa vitunguu na nyanya. Zamu ya kupika ilikuwa ya wote, wanaume pia. Wake zetu nao wako likizo! Mara moja tu, jioni ya mwisho, tulikula hotelini tukihudumiwa.

Tulicheka sana kuhusu neno moja. Wa Tororo walisema wanataka posho, na wa Busia wakadhani wanadai fedha. Kumbe kwa Uganda posho ni ugali. Na Wajopadhola wetu wa Tororo walishangaa kusikia Kijaluo cha Rusinga na kukielewa karibu nusu bila mwalimu.

MTOTO WA SHAMBA LA MKONGE

Siku ya pili tulikwenda Kasawanga, kwenye kaburi la Tom Mboya. Vijana wengi walilijua jina lake kwa barabara ya Nairobi tu, basi tuliwaeleza kabla ya kuingia.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Yaani alikuwa mtoto wa shamba, kama watoto tuliowashika mikono siku hiyo. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya katika jiji la Nairobi, akajenga chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na 1953, wakati wa hali ya hatari, akawa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya akiwa kijana wa miaka 23. Mwaka 1955 alisaidia kumaliza mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa kwa nyongeza ya mshahara. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, vyama, waajiri na serikali walitia sahihi Mapatano ya Uhusiano Kazini, ambayo hata leo tunayataja tunapokaa mezani na mwajiri. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi Nairobi. Alikuwa na miaka 38.

Jengo la kaburi lenyewe lina umbo la risasi. Ndani kuna picha na vitu vyake. Yule mzee aliyepinga safari alisimama hapo muda mrefu, kofia mkononi. Alipotoka alisema tu, "Mimi nina miaka 57. Huyu hakufika arobaini." Hakutaja tena mambo ya mabwana.

Kisiwa hicho kina mengine. Hapo ndipo Mary Leakey mwaka 1948 alipopata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wasio na mkia aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Na ng'ambo yake ni Mfangano, kisiwa cha Waabasuba, ambao wazee wao husimulia kwamba walitoka Uganda. Huko kuna michoro ya kale ya miduara mekundu na meupe juu ya miamba.

MAJI HAYANA MJANJA

Mfangano ilitupa somo. Mwenye mashua moja ya mbao alitaka kutuvusha sote kwa mara moja mchana, upepo ukiwa umeanza. Tulihesabu maboya ya kuvaa: tisa. Sisi tulikuwa 31. Wengine walisema tupande, siku zinakwisha. Ndipo mama mmoja mkata miwa akakaa chini kwenye mchanga, akasema, "Kiwandani tunagoma kwa ajili ya glavu. Hapa nife kwa ajili ya picha?"

Hatukupanda. Tulivuka kesho yake asubuhi, ziwa limetulia, kwa mashua kubwa yenye boya kwa kila mtu, na nusu ya siku ya Mfangano ilipotea. Walionung'unika tuliwakumbusha MV Bukoba ya Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 wakafa. Ziwa ni lile lile. Pia watoto wasiachwe kuchezea maji ya kina kifupi yenye majani, kwa sababu ya kichocho.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Ombeni likizo kwa maandishi, mapema, mkiwa kundi. Mwajiri hawezi kupanga zamu asichokijua.
2. Wekeni fedha kidogo kidogo, na daftari lisomwe hadharani.
3. Gawanyeni fedha mafungu manne: usafiri, malazi, chakula, na akiba ya dharura. Fungu la mwisho lisiguswe.
4. Tumeni watu wawili mbele.
5. Jueni saa ya feri ya mwisho.
6. Hakuna boya, hakuna safari.

Tulirudi Busia siku ya tano, tukiwa na akiba ya dharura yote, tukaigawa sawasawa palepale stendi. Jumatatu tulikuwa kazini. Mtoto wa mwenzetu mmoja, wa miaka sita, alimwambia mwalimu wake kwamba baba anajua kupika samaki. Mwenzetu huyo ametuambia mwaka huu hauzi likizo yake.

Ndugu, mkono unaofanya kazi mwaka mzima una haki ya kutulia. Fomu ziko kwa karani. Kazijazeni.

Umoja ni nguvu.