Kilango cha Paka: Namna ya Kumkatia Paka Njia Mlangoni

Kilango cha paka ni tundu dogo linalokatwa sehemu ya chini ya mlango wa nyumba, kisha likazibwa kwa kibao chepesi kinachoning'inia kwenye bawaba za juu. Paka hukisukuma kibao kwa kichwa, hupita, nacho hurudi mahali pake kwa uzito wake chenyewe. Mlango mkubwa hubaki umefungwa usiku na mchana, na hakuna mtu anayelazimika kuamka alfajiri kwa sababu paka analia nje ya jiko.

Tundu la paka ni jambo kongwe. Hesabu za kanisa kuu la Exeter, Uingereza, zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1305 na 1467 paka wa kanisa alitengewa posho ya peni moja kwa wiki ili akamate panya, na mwaka 1598 maseremala walilipwa peni 8 kwa kukata tundu lake katika mlango ulio chini ya saa kubwa ya nyota. Panya walikuwa wakifuata mafuta ya wanyama yaliyopakwa kwenye mitambo ya saa hiyo. Tundu lipo hadi leo, duara tupu lisilo na kifuniko. Ipo pia simulizi inayompa mwanasayansi Isaac Newton sifa ya kubuni njia ya namna hii, lakini Newton alizaliwa mwaka 1642, na Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alikwishalitaja tundu la paka katika The Canterbury Tales. Kilichoongezwa baadaye ni kibao cha kuzuia baridi, wadudu na wageni wasioalikwa.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kilango hakikuhitajika kwa muda mrefu. Paka alipita katikati ya nondo za dirisha, au alipanda ukuta na kujipenyeza chini ya paa. Ujenzi wa sasa umeziba njia hizo moja baada ya nyingine. Dari imefunika mwanya wa paa, madirisha ni ya vioo vya kuteleza, na kila uwazi umewekewa wavu wa mbu. Paka aliyezoea kutoka haachi desturi yake kwa sababu ya wavu. Huukwaruza mpaka utoboke, na tundu analolifungua ni mlango wazi kwa mbu waenezao malaria, ambao huuma zaidi usiku watu wakiwa wamelala. Hapo ndipo kilango kinapopata maana katika mazingira haya. Wavu wa dirishani unabaki mzima kwa sababu paka amepewa pengine pa kupitia.

Kazi huanza kwa kuutazama mlango wenyewe. Mlango wa mbao wenye paneli ndio rahisi kuliko yote, kwa kuwa paneli ya chini huwa nyembamba na haibebi uzito wa mlango. Tundu linapaswa kukaa ndani ya paneli hiyo bila kugusa mihimili ya pembeni wala ule wa chini, maana hiyo ndiyo inayoushika mlango usipinde. Mlango wa flashi, ule wa tabaka mbili za plaiwudi, una uwazi katikati au umejazwa vipande vya mbao laini. Unakatika kwa urahisi, lakini kingo za tundu lazima zijazwe vipande vya mbao ngumu ili skrubu zipate pa kushika na mende wasipate makazi. Mlango wa chuma unataka fundi wa kuchomelea, na makali ya bati yafunikwe kabisa, kwa kuwa bati lililokatwa huchana ngozi ya paka kama wembe.

Iko milango isiyofaa kukatwa hata kidogo. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatiki baada ya kutoka kiwandani. Kikiguswa na mashine hupasuka chote vipande vidogo vidogo, hivyo anayetaka kilango kwenye kioo cha aina hiyo huagiza kioo kipya chenye tundu tayari. Mlango wa kuzuia moto katika majengo ya ghorofa hupoteza kazi yake mara unapotobolewa. Na mlango wa kuchongwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu, miji iliyoandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001, usiguswe kwa msumeno kwa ajili ya paka yeyote. Nyumba hizo kwa kawaida zina mlango mwingine wa uani, na huko ndiko njia ya paka inakofaa kuwekwa.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa kwa paka, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuliamini boksi la dukani. Paka husimamishwa sakafuni bila kushikwa kwa nguvu, kisha hupimwa urefu kutoka sakafuni hadi tumboni. Huo ndio urefu wa ukingo wa chini wa tundu, na kwa paka wengi huangukia kati ya sentimita 10 na 15. Ukingo ukiwa juu zaidi paka hulazimika kuruka huku akisukuma kibao, jambo ambalo paka mzee mwenye viungo vinavyouma hatalifanya. Ukiwa chini mno, atatambaa kwa tumbo. Upana hupimwa mabegani au kiunoni, kwa kutegemea palipo pana zaidi. Tundu lenye upana wa takriban sentimita 15 na urefu wa sentimita 16 hivi humtosha paka wa kawaida wa kilo nne au tano. Paka anayepita penye nafasi ndogo husaidiwa na mifupa ya mtulinga iliyo midogo na isiyoungana na mifupa mingine ya bega, na kabla ya kuingia hupima nafasi kwa masharubu yake. Kama kuna paka wawili, tundu hupimwa kwa mkubwa na kimo chake kwa mwenye miguu mifupi.

Kipimo cha pili huchukuliwa nje. Nyumba nyingi zina ngazi mlangoni, na sakafu ya nje hukaa chini ya ile ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Ukingo uliofaa upande wa jikoni unakuwa kizuizi kwa paka anayetoka uani. Tofali moja au kipande cha zege kilichowekwa chini ya kilango hutatua jambo hilo, mradi kisitikisike.

Kisha huja suala la mwizi. Mtu mzima anaweza kuingiza mkono mpaka begani katika tundu la paka, na mkono huo hufika mbali kuliko wenye nyumba wanavyodhani. Kwa hiyo tundu hukatwa upande wa bawaba, mbali na kitasa. Komeo la chini lililo karibu na tundu huhamishiwa juu, ufunguo hauachwi kitasani, na kufuli la ndani la mlango wa chuma halining'inizwi mahali pa kufikiwa. Kama mlango ni mwembamba kiasi kwamba hakuna pembe iliyo salama, ni heri kutoboa ukuta. Kilango cha ukutani kinahitaji bomba fupi pana au boksi la mbao linalopita unene wa tofali, na sakafu ya boksi hilo huinamishwa kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasitiririke ndani.

Vilango vinavyouzwa tayari ni vya namna kadhaa. Cha bei nafuu ni fremu ya plastiki yenye kibao angavu kinachobembea pande zote mbili. Kinachofuata kina swichi ya hali nne: kuingia na kutoka, kuingia tu, kutoka tu, au kufungwa kabisa. Hali ya kuingia tu ina faida kubwa jioni, kwani paka akirudi kula habanduki tena mpaka asubuhi, na ndege na wanyama wadogo wa bustanini hupata nafuu katika saa za magharibi na alfajiri ambazo paka huwinda zaidi. Vingine hutumia sumaku iliyofungwa kwenye ukosi wa paka, na vya gharama zaidi husoma chipu iliyowekwa chini ya ngozi ya mnyama na daktari wa mifugo. Chipu hiyo ina namba ya tarakimu 15 na haina betri. Huamshwa na mawimbi ya msomaji yenye masafa ya kilohezi 134.2. Katika England, Uingereza, sheria imewalazimisha wenye paka kuwawekea chipu tangu Juni 2024. Kwenye mlango wa chuma vilango vya chipu husumbua, maana chuma huvuruga usomaji.

Fundi seremala mzuri anaweza pia kutengeneza kilango cha nyumbani kwa kipande cha plastiki ngumu angavu, bawaba mbili ndogo na sumaku mbili za kushikiza kabati. Uangavu una sababu yake. Paka hapendi kutoa kichwa mahali asipopaona, na mbwa wa jirani akiwa nje ni vyema amwone kabla ya kupita.

Kukata kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Mlango hutolewa kwenye bawaba na kulazwa juu ya stuli mbili, ingawa fundi mzoefu huweza kukata ukiwa umesimama. Kiolezo cha karatasi kilichokuja na kilango hubandikwa kwa utepe, pima maji huhakikisha hakijaenda upande, na mstari huchorwa kwa penseli. Pande zote mbili hubandikwa utepe juu ya mstari ili rangi na ganda la juu la mbao visibanduke. Matundu manne hutobolewa kwa keekee kwenye pembe, ndani ya mstari, yawe makubwa ya kutosha kuingiza wembe wa msumeno. Msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba huifanya kazi upesi. Msumeno wa mkono huchelewa lakini haukosei sana. Kipande cha katikati hushikiliwa kabla ya kukatika chote, kwa sababu kikianguka chenyewe hupasua ukingo wa mwisho.

Ukingo uliokatwa hupigwa msasa, halafu hupakwa praima na rangi, au vanishi tabaka mbili. Hatua hii hurukwa na mafundi wenye haraka, nayo ndiyo inayoamua kama mlango utadumu. Mbao iliyokatwa hunyonya maji kwa upande wa nyuzi zake, huvimba wakati wa masika na kukibana kibao, na mchwa huingia hapohapo. Pwani, ambako hewa ina chumvi, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Fremu ya ndani na ya nje hukutanishwa, skrubu hukazwa kwa zamu bila kulazimisha plastiki, na silikoni hupitishwa pembezoni upande wa nje. Kibao kiachiwe mwanya wa milimita mbili au tatu kila upande ili kisikwame, na brashi laini ya pembezoni huziba mwanya huo dhidi ya mbu na wadudu watambaao.

Kuhusu nyoka, ukweli usemwe wazi. Hakuna kilango kinachobembea kinachoweza kuahidi kwamba nyoka hatapita. Sumaku na brashi humpunguzia nafasi. Kufuli la usiku humzuia vizuri zaidi. Kwenye nyumba iliyozungukwa na nyasi ndefu, nyasi zifyekwe kwanza ndipo msumeno ushikwe. Nguchiro na paka wa majirani nao hugundua njia haraka wakisikia harufu ya chakula, kwa hiyo bakuli la paka lisiwekwe mbele ya tundu.

Paka mwenyewe hufundishwa polepole. Siku za mwanzo kibao hufungwa juu kwa utepe, tundu likiwa wazi chini ya uangalizi, na kipande cha dagaa au samaki huwekwa upande wa pili. Akishapita bila wasiwasi, kibao hushushwa nusu, kisha robo tatu, mpaka ajifunze kukisukuma. Kumsukumiza kwa mikono ni kosa kubwa, kwani paka aliyebanwa mara moja hukiogopa kilango kwa muda mrefu. Mlio wa sumaku huwashtua baadhi yao, na kwa hao sumaku hutolewa mpaka wazoee.

Kabla ya kuachiwa njia, paka awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na amehasiwa au kufungwa kizazi, kwa maana mimba ya paka huchukua takriban miezi miwili tu. Majirani waulizwe kama wanatega panya kwa sumu, kwa sababu paka anayemla panya aliyelishwa sumu naye huweza kufa.

Baada ya hapo kilango hudai matunzo machache: kufuta vumbi na nywele kwenye bawaba, kukaza skrubu na kubadilisha brashi ikichakaa. Mpangaji humwomba mwenye nyumba ruhusa kwanza. Kwenye mlango wa paneli anaweza kuitoa paneli nzima ya chini, kuihifadhi, na kukata tundu katika paneli mpya ya kipimo kilekile. Siku ya kuhama huirudisha ile ya zamani na kuondoka na kilango chake.